Mashuka ya Jumamosi yananizidi. Nikope mashine ya pili?

Assalaam alaykum Dada Mshauri,

Mimi ni dobi, niko upande wa mashariki wa Unguja, huku kwenye fukwe za wageni. Nilianza kwa beseni na kamba, nikifulia nyumba mbili za kupangisha. Leo nina mashine ya kufulia ya kilo 25, mashine ndogo ya kukaushia, uwanja wa kuanikia, wasichana wanne na kirikuu cha kukodi. Nafulia hoteli tano, vyumba kama 80 kwa jumla. Kubwa yao ina vyumba 32, na karibu nusu ya pato langu latoka hapo. Ndiyo hiyo hiyo inayonitoa roho.

Wageni wao wengi huja kwa ndege za kukodi. Hufika pamoja, huondoka pamoja, siku ya Jumamosi. Saa nane mchana kirikuu kinanishushia mlima wa mashuka, foronya na mataulo, na meneja anataka virudi Jumapili asubuhi. Nikimwambia haiwezekani ananijibu, "Sina shuka nyingine, wageni nitawalaza juu ya nini?" Na hoteli nyingine nazo huleta Jumamosi hiyo hiyo. Siku hiyo peke yake napokea kama kilo 300, na wiki nzima ni kilo 800 hivi. Tunakesha. Jumatatu mpaka Jumatano mashine inapumzika tangu mchana.

Mambo mengine ni haya. Mwezi wa nane bahari ilichafuka, sabuni yangu ikachelewa kutoka Dar, nikanunua pakiti ndogo ndogo madukani kwa bei ya kuumiza. Mwezi wa tisa hoteli ilinikata pesa kwa foronya wanazodai zimepotea kwangu, na kwa shuka zilizoingia madoa ya piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mwilini, ambayo mimi nilizipokea nazo hivyo hivyo. Pia hunilipa baada ya miezi miwili.

Benki imekubali kunikopesha nichukue mashine ya pili, ya kilo 50. Mume wangu anasema nichukue, tatizo ni mashine tu. Kijana wa benki naye anasema vivyo hivyo. Krismasi inakuja na nafsi yangu inasita. Nifanyeje?

Dobi wa Mashariki

*

Waalaykum salaam mdogo wangu,

Usikope. Si sasa, na si kwa mashine hiyo. Kijana wa benki usimlaumu, kazi yake ni kuuza mikopo, na mumeo naye anakuonea huruma kwa kukesha. Lakini hesabu uliyoniandikia mwenyewe haikubaliani nao.

Mashine ya kilo 25 haijazwi kilo 25, maana shuka zikishindiliwa hazigeuki na uchafu hautoki. Tuseme unatia kilo 20. Kwa siku moja ya kazi, bila ya kukesha, utapiga mizigo minane, nayo ni kilo 160. Kwa siku sita ni kilo 960. Wiki yako ina kilo 800. Mashine inakutosha, tena inabakisha. Kinachokushinda ni Jumamosi yenye kilo 300, na sasa unataka kulipa mkopo miaka miwili mitatu kwa ajili ya siku moja katika wiki.

Halafu kuna kukausha, jambo ambalo hukulitaja katika shida zako ila mimi nimeliona. Una mashine kubwa ya kufulia na ndogo ya kukaushia. Shuka nyembamba upepo unaimaliza kwa muda mfupi, lakini taulo nzito la kuogea ni kitu kingine kabisa, hasa vuli ikishusha mvua zake wakati wageni wa Disemba wanaanza kumiminika. Ukileta ya kilo 50, utafua haraka kisha utakaa na lundo la mataulo mabichi yanayonuka uvundo ifikapo alfajiri. Pahala panapobana pangekuwa pale pale, ila ungekuwa na deni juu yake. Siku ukija kununua kweli, anza na ya kukaushia, au ya kufulia inayokamua kwa nguvu hata nguo ikatoka na unyevu mdogo.

Sasa tuende kwenye Jumamosi yenyewe. Meneja amekwambia hana shuka nyingine, nawe ukaona ni ukaidi wake. Mimi naona amekupa jawabu la barua yako nzima. Muulize kwa upole: kila kitanda kina seti ngapi? Nakadiria ni mbili. Hoteli inayojiheshimu huwa na seti tatu kwa uchache: moja kitandani, moja kwa dobi, moja imepumzika stoo. Nyingine hufika hata tano. Mwenye seti mbili, wageni wa vyumba vyote 32 wakiondoka siku moja, anavua 32 chafu na kutandika 32 safi, na kabati linabaki tupu. Usiku huo mtoto akikojoa kitandani, au mgeni akimwaga mvinyo, hana cha kubadilisha. Ndiyo maana anakusukuma. Anaendesha hoteli bila ya akiba, akiba yake ni usingizi wa wasichana wako.

Akiwa na seti ya tatu, mashuka ya Jumamosi yanaweza kurudi Jumatatu jioni bila ya mtu kuona tofauti. Kila chumba kina mzigo wa kilo nne hivi ukijumlisha shuka, foronya na mataulo, kwa hiyo hoteli hiyo peke yake ni kama kilo 128. Itoe Jumamosi, na kwenye 300 zako zinabaki 172. Hizo unazimaliza siku hiyo hiyo, ukizidisha mzigo mmoja tu jioni, na wasichana wanalala makwao.

Seti 32 za shuka nzuri za pamba bei yake unaijua kuliko mimi. Iandike kwenye karatasi, na pembeni yake andika jumla ya marejesho ya mkopo wa mashine pamoja na riba. Nitashangaa kama seti hazitakuwa nafuu. Na anayepaswa kuzinunua ni yeye, si wewe. Akikataa kabisa, kuna njia nyingine: nunua wewe kidogo kidogo, umkodishe kwa bei ya juu kuliko ya kufua. Hiyo ni biashara kamili, madobi wakubwa duniani wanaishi kwayo, na wenye vila ndogo huko kwenu wasiotaka kuweka stoo za mashuka wangeipenda. Lakini ni hatua ya mwakani. Usiirukie sasa.

Watu wakizungumzia mnyororo wa ugavi, yaani njia ya mali tangu malighafi mpaka kwa mteja, wanafikiria viwanda, makontena na bandari, na mtu wa huduma huona hayo hayamhusu. Yanamhusu, tena kwake yamegeuka. Mwenye kiwanda cha sabuni hapokei malighafi kutoka kwa mteja wake. Wewe unapokea. Malighafi yako kubwa ni shuka chafu, na anayekuletea ndiye yule yule anayekuja kuichukua na kulipa. Fundi cherehani yuko hivyo, fundi gari yuko hivyo, hata hospitali iko hivyo. Akileta kwa kuchelewa, au kwa fujo, au kwa uchafu usioelezeka, kazi yako imeharibika kabla hujafungua bomba. Kwa hiyo meneja huyu mtendee vile unavyomtendea muuza sabuni: mwambie unataka nini, lini, na katika hali gani.

Chukua hayo madoa. Mgeni anapakwa piko ufukweni, bado bichi, anarudi chumbani na kujitupa kitandani. Shuka inakaa hapo mpaka asubuhi, kisha inatiwa kwenye mfuko mmoja na mataulo mabichi, inakufikia siku ya pili. Kufikia hapo piko imeshakamata na hakuna dobi wa kuitoa. Mafuta ya kujikinga na jua nayo yana hila yake. Baadhi yana kemikali iitwayo avobenzoni, ambayo ikikutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maji huacha doa la rangi ya kutu. Msichana wako akiliona atadhani ni uchafu wa kawaida, atalimiminia jiki, na jiki hulikoleza. Mwambie asiguse jiki mpaka ajue doa ni la nini. La kutu lina dawa yake ya kutu, ambayo ni ya tindikali, na hiyo usiichanganye kamwe na jiki, mvuke wake ni sumu.

Dawa kubwa zaidi iko hotelini. Waombe watandike taulo la rangi iliyokoza kwenye viti vya ufukweni na bwawani. Waweke kipande cha karatasi chumbani kinachomwomba mgeni asubiri piko ikauke. Wape mfuko mmoja wa rangi nyekundu wa kutia kila kilichoingia doa, kifungwe peke yake na uitwe siku hiyo hiyo kukichukua. Msimamizi wa vyumba atakuelewa upesi kuliko meneja, maana yeye ndiye anayegombezwa shuka zikipungua. Mpelekee hata halua siku moja. Sikwambii utoe rushwa, nakwambia mjuane.

Foronya zilizopotea sitahukumu nani kazipoteza, maana hata nyinyi wenyewe hamjui. Ndilo tatizo. Mzigo unahesabiwa wapi? Ikiwa kijana wa kirikuu anabeba mifuko iliyofungwa, na hesabu inafanywa kwako usiku huku watu wamechoka, basi kila kilichopungua kitakuwa chako. Kuanzia wiki ijayo mzigo uhesabiwe mlangoni kwao, mtu wao na mtu wako pamoja, kwenye daftari la nakala mbili, kila mmoja atie saini. Chenye doa au kilichochanika kiandikwe pale pale. Wakati wa kurudisha ni hivyo hivyo. Na kila hoteli itiwe uzi wa rangi yake kwenye pindo, wa kijani, wa buluu, mishono mitatu inatosha. Unafulia hoteli tano, foronya nyeupe zote zinafanana, na huenda baadhi ya hizo unazodaiwa zimelala stoo ya jirani.

Sabuni nitakaa nayo kidogo, kwa sababu hapa ulijikwaa pasipo sababu. Tuseme unatumia gramu 15 kwa kila kilo ya nguo kavu. Kwa kilo 800 ni kilo 12 kwa wiki, maana yake gunia la kilo 25 linakupeleka wiki mbili. Kwa jinsi ulivyoandika, unaagiza gunia jingine pale la kwanza linapokaribia kwisha. Mwezi wa nane ni wakati wa kusi, bahari huchafuka kila mwaka, na ndio huo huo mwezi wa wageni wengi. Hukupatwa na ajali, ulipatwa na kalenda. Weka magunia mawili ya akiba daima, na ukifungua moja ya hayo, siku hiyo hiyo agiza. Pesa inayolala hapo ni ndogo ukilinganisha na ile uliyoimwaga madukani. Yaweke juu ya mbao, mbali na sakafu na mvuke, la sivyo kwa unyevu wa Unguja yatagandamana yawe mawe.

Tafuta pia muuzaji wa pili, na sabuni yake uijaribu wakati wa utulivu. Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa chipsi, kwa kuwa viazi vyake vilikuwa vikitoka nje ya nchi na meli zilichelewa. Wakenya waliwaka, viazi vimejaa Nyandarua! Kampuni ikajibu kwamba kila muuzaji lazima kwanza apite ukaguzi wa ubora. Jibu lilikuwa la kweli, lakini ukaguzi wa namna hiyo hufanywa kabla ya kuishiwa. Wewe nawe huwezi kutia sabuni usiyoijua kwenye shuka za watu siku ya Jumamosi. Fua nayo mashuka yako ya nyumbani mara kadhaa, uangalie weupe na uzi.

Na kabla hujalaumu sabuni, angalia maji. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, maji ya visima vyake yamejaa chokaa, ndiyo maana sabuni haitoi povu na mashuka meupe yanageuka kijivu. Fua shuka moja kwa maji ya kisima na nyingine kwa maji ya mvua, sabuni sawasawa, uone. Tofauti ikiwa kubwa, uliza bei ya mtambo mdogo wa kulainisha maji, ule unaotumia chumvi. Huenda ukapunguza sabuni kwa kiasi cha kujilipia wenyewe. Mkopo mdogo wa kitu kama hicho ningekuruhusu.

Umeme hukuutaja, ila sisi tuliokuwapo hatujasahau Disemba 2009, waya wa chini ya bahari kutoka Bara ulipokufa na Unguja ikakaa gizani miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Mwaka mmoja tu kabla yake, 2008, giza lilitukalia kwa karibu mwezi mzima. Tangu 2013 kuna waya mkubwa zaidi, wa megawati 100, na hali ni nyingine. Hata hivyo saa sita za kukatika Jumamosi zinatosha kukuaibisha. Jenereta la kuendesha mashine ya kukaushia ni ghali mno, usilifikirie. La kuendesha pampu ya maji na mashine ya kufulia linawezekana, na kamba zako usizing'oe hata ukitajirika. Cha bure kabisa ni kukubaliana na dobi wa kijiji kingine: ukikwama anakufulia kwa bei mliyopatana, akikwama unamfulia. Najua ni mshindani wako. Mwendee hivyo hivyo.

Lipo la malipo. Sabuni unalipa taslimu, umeme unalipa kabla ya kutumia, wasichana unawalipa mwisho wa mwezi, na hoteli inakulipa baada ya miezi miwili. Maana yake wewe, mwenye mashine moja, ndiye unayeikopesha hoteli ya vyumba 32, tena bila riba. Usiende kudai kwa hasira. Nenda na karatasi yenye bei mbili: mzigo unaorudi baada ya siku mbili, bei ya sasa, mzigo unaotakiwa kesho yake asubuhi, bei moja na nusu. Anayelipa ndani ya siku 14 anapunguziwa kidogo. Hizo hoteli nne ndogo nazo zipe karatasi hiyo hiyo, na zile zisizo na sababu ya kuleta Jumamosi utaona zinahamia Jumatatu zenyewe. Meneja wa ile hoteli kubwa akikwambia atatafuta dobi mwingine, muulize huyo mwingine atamfulia vipi kilo 128 kwa usiku mmoja.

Jambo la mwisho ni hilo la benki. Aprili na Mei masika inapiga, hoteli nyingi huko kwenu hufunga au hubaki na wageni wa kuhesabu, lakini marejesho hayajui masika. Ukichukua mkopo Novemba utafurahi miezi mitatu tu. Mwambie kijana wa benki utarudi Machi. Kati ya sasa na wakati huo, kila siku andika kilo zilizoingia, kwa hoteli, na saa ya mzigo wa mwisho kukauka. Ikiwa hoteli imenunua seti ya tatu, bei mbili zinafanya kazi, na bado Jumamosi yako inapita kilo 200, basi nenda ukakope, na daftari hilo ubebe. Omba mkopo wa mashine ya kukaushia, na marejesho yaanze Julai.